Mafuta ya Barza Yetu

Mama mpendwa,

Nimekaa kwenye barza yetu ya mbao, mbele ya nyumba hapa Kalemie, mikono imejaa mafuta machafu. Mvua za kwanza ziko karibu na ziwa limeanza kununa. Nakuandikia kwa sababu kuna jina nililokuacha ulibebe mpaka kaburini, na lilikuwa langu: Mama Sabuni.

Unakumbuka siku zile za Zaire, Papa akiwa seremala wa reli? Kila mwezi wa saba alileta bidoni, dumu zima la mafuta machafu yaliyotolewa kwenye mashini, akayapasha moto, akapaka mbao mara mbili. Kwenye ncha alipaka mara tatu. "Ubao unakunywaka maji ku kichwa," alisema. Barza ilinuka gari moshi mwezi mzima, nami nikawaonea haya wenzangu.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza, Papa alipaka, kisha akatumwa Kabalo kutengeneza reli. Mimi nikaogopea gauni langu jeupe. Ulipoenda sokoni nilichukua sabuni, majivu na brashi, nikasugua mpaka mbao zikang'aa kama muhogo uliomenywa. Ulirudi, ukasimama na beseni kichwani, ukatazama. "Ingiza nguo, zimekauka," ukasema, basi. Siku zilizofuata ulizunguka bandari nzima ukitafuta mafuta. Mwaka ule hata mashini zenyewe zilikosa.

Mvua ilinyesha miezi na miezi. Papa akarudi, akamleta mkuu wake wa kazi wanywe bia, na mguu wa mkubwa yule ukazama kwenye ubao mpaka gotini, kiatu na yote! Siwezi kusema sikucheka. Papa hakucheka. Mgeni alipoondoka akauliza, "Nani alitoa mafuta ku hizi mbao?" Nilifungua mdomo, wewe ukanitangulia.

"Njo mie, mie mwenyewe. Nilisafisha na sabuni."

Basi ukawa Mama Sabuni. Papa alianza, majirani wakadaka, hata wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakakuita hivyo. Ulicheka pamoja nao. Mimi nikanyamaza, Mama, miaka yote, mpaka tukakuzika. Naona aibu kuyaandika haya.

Wiki iliyopita nilijikaza nikamwambia Papa. Amezeeka sasa, anasikia kwa sikio moja, lakini hili alilisikia. Alicheka polepole.

"Nilijua tangu ile siku."

"Ulijuaje, Papa?"

"Unasahau babu yako, baba ya mama yako, alikuwa fundi wa mitumbwi kule Moba? Mie nilikuwa muntu wa meza na viti. Mambo ya kupaka mbao mafuta, njo mama yako alinifundisha. Nikaona anakuficha, njo nikamusaidia na lile jina."

Nilitoka nje nikalia. Ulijua kazi hii kuliko sisi wote, ukakubali mji mzima ukuone hujui kitu, ili binti mmoja mwoga asichapwe.

Nisamehe, Mama. Pumzika.

Binti yako mkubwa