Punda Aliyemwegemea Mwenzake

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Maji, kufagia, uji, maji tena. Ngata yangu ya kubebea ndoo kichwani haijakauka tangu asubuhi. Masanja amepeleka mpunga mashineni kwa baiskeli. Nimenusa shati lake kabla ya kulifua. Tuna mwezi na kitu tangu kanisani, na bado moyo unaruka nikisikia kengele yake pale kona. Nampenda jamani. Nimeandika, basi.

Amerudi na habari. Mzee Maganga, yule mwenye mikokoteni, amepiga kambi hapa Sibwesa akielekea kusini na mifugo yake. Yuko tayari kutoa punda mmoja kwa baiskeli. Baiskeli yetu!

Masanja anacheka peke yake. Siku ya harusi alisimama mbele ya wageni akaapa kwamba mke wake hatabeba maji kichwani, punda ndiye atayabeba. Watu walicheka hadi wakakohoa. Tangu siku hiyo wanamwita Bwana Punda. Mwanaume kwenda mwenyewe kisimani ni kichekesho huku, hata mama yake asingekubali. Kwa hiyo punda.

Mimi nataka sana. Visima vya karibu vimekauka na shingo inaniuma. Lakini mpunga unabebwa na baiskeli hiyo hiyo. Ikiondoka, halafu punda afe, tutabaki na nini?

Jumanne, 6 Agosti

Tumekwenda kuwaona. Majike wawili, wa kijivu na mweusi. Maganga anamtoa wa kijivu.

Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Yule wa kijivu ameweka shavu lake begani kwa mwenzake. Mweusi akisogea, naye anasogea. Akisimama, anasimama. Machozi yalinitoka, hakika. Nikambana Masanja mkono, nikamwambia tazama, ni sisi wale.

Maganga alinisikia. "Bibi harusi," akasema, "ukimkataa huyu umekataa mapenzi."

Masanja alimfungua mdomo akatazama meno. Akainua kwato moja moja. Akakandamiza mgongo kwa ngumi. Safi, akasema.

Hapo nikauliza kama daktari wa mifugo amempima. Ndorobo wanaoambukiza mifugo ni wengi pori hili, mjomba wangu alipoteza maksai wake wote. Maganga alimtazama Masanja, si mimi. Masanja akacheka, lakini nilimwona shingo imekakamaa.

Njia nzima hakupiga kengele.

Jumatano, 7 Agosti

Tumegombana. Ugomvi wa kwanza.

"Nimezaliwa zizini, Leti. Utanifundisha mnyama?" Nikamwambia ng'ombe anawajua, punda je? Nisingesema. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele pale nje, akadakia bila kuinua macho. Mayu, ndivyo ninavyomwita kwa Kisukuma chao. "Mke akimwitia daktari punda wa mumewe, kesho atamwitia mumewe."

Daktari yuko kijiji cha pili anachanja ng'ombe. Nilimwambia Masanja nataka kumtumia salamu aje. Akajibu, "Fanya unavyotaka."

Heri angenitukana.

Nimetuma salamu. Chakula amekula chote. Hakunisifia.

Alhamisi, 8 Agosti

Daktari hajaja. Maganga anaondoka Jumamosi. Nimeunguza maharage.

Naogopa punda mgonjwa. Naogopa zaidi punda mzima. Akiwa mzima, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu bure, mbele ya Msukuma mwenzake, mbele ya mama yake. Mapenzi yanaweza kuharibika kwa jambo dogo hivi? Shuleni tulisoma mengi. Hili hatukufundishwa.

Amelala amenipa mgongo. Mgongo wake mzuri.

Ijumaa, 9 Agosti

Amekuja! Pikipiki ilisikika saa nne, na nusu ya kijiji ikaja nyuma yake. Maganga akaleta punda wote wawili. Huwa anawaleta pamoja, mkokoteni wake ni wa punda wawili.

Daktari ni kijana, mwembamba, haongei sana. Aliweka kipimajoto. Akasikiliza kifua. Akatoa damu kidogo sikioni, akaipaka kwenye kioo, akasema ataitazama Mpanda, majibu wiki ijayo. Wiki ijayo! Maganga akaanza kufungua kamba. "Mimi kesho sipo. Nyie amueni."

Masanja akashika baiskeli. Aliishika kabisa, mkono kwenye usukani, akaanza kuisukuma kumpelekea.

Daktari akasema ngoja kwanza, nimwone akitembea na mzigo. Mzigo hakuna. Jirani mmoja akapiga kelele, "Mpakieni bibi harusi!" Kicheko. Masanja akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumatano, akaninyanyua akaniketisha juu. Nilikuwa naogopa na nina furaha kwa pamoja. Tukazunguka uwanja, mweusi pembeni yetu. Mgongo imara. Watu wakapiga vigelegele. Mayu naye alitabasamu, nilimwona.

Daktari hakutabasamu. Akaomba mweusi apelekwe nyuma ya nyumba.

Punda wangu akasimama. Masanja akavuta kamba, hatoki. Akavuta tena. Nilihisi anatetemeka chini yangu, mwili wote, kama mtu mwenye homa. Daktari akanishusha. Akachukua mchi wangu akaulaza juu ya vinu viwili, njiani. Akamwita kwa ulimi. Punda akaja taratibu, masikio mbele, akaenda mpaka mchi ukamgonga kifua. Vinu vikaanguka.

Tochi kwenye jicho la kulia. Tochi kwenye la kushoto. Macho mazuri, meusi, yanang'aa. Hayakupepesa.

"Haoni," daktari akasema. "Anaongozwa na mwenzake."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa natazama chini. Lile shavu begani! Nililia kwa raha kwa ajili ya lile shavu.

Masanja akamgeukia Maganga. Mzee hakubabaika hata kidogo. "Ulikagua mgongo, Masanja. Mgongo si mzima?"

Masanja akageuza baiskeli, akaiegemeza ukutani. Akaingia ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Maganga ameondoka alfajiri. Nilitoka kuwaona wakipita. Wa kijivu kaweka shavu palepale. Nimefurahi hawakutenganishwa. Angekuja kwetu peke yake angesimama uani, anatetemeka, na tungemchapa tukidhani ni mkaidi.

Baiskeli ipo. Punda hatuna. Masanja hasemi. Wala hajanuna, ni kimya tu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nimemwuliza kama amenikasirikia. Akatikisa kichwa. Kisha akaomba mpira wa tyubu na kisu, akakaa uani akikata vipande virefu. Sikuthubutu kuuliza vya nini.

Nimekwenda kisimani mara mbili. Njiani watu wameniuliza kwa utani kama punda ameshazaa.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeamka hayupo. Baiskeli haipo. Madumu nayo hayapo. Nikakaa kitandani.

Kisha kengele. Kule kona, mfululizo, kama siku zile za uchumba.

Nikatoka na kanga moja. Madumu mawili kwenye keria, yamefungwa kwa mpira, maji yanamwagika kidogo kidogo njiani. Watu walikuwa wanaanza kwenda kanisani. "Bwana Punda!" mmoja akaita. "Punda mwenyewe yuko wapi?" Masanja akajipiga kifua. "Si huyu hapa? Njoo umpime meno."

Mayu alisimama mlangoni na ufagio. Alitazama madumu, akamtazama mwanawe. Akarudi kufagia.

Nikashika dumu la upande wangu mpaka mlangoni, lisiyumbe.

Maji yana udongo kidogo, kisima kinakaribia mwisho. Nimeyaacha yatulie kabla ya kuchemsha. Masanja amelala mchana huu, mdomo wazi. Ngata yangu iko msumarini. Imekauka.