Mama Yangu Hachori

2 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye soksi.

Hesabu za chuo kikuu ni nyingine kabisa. Namba zenyewe tunaziona kwa nadra, ni herufi tupu. Jirani yangu darasani anajaza kurasa nne kwa swali moja. Mimi naandika jibu, mstari mmoja, naweka kalamu chini. Akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia mezani kwa mama yangu, fundi cherehani anayekata kitambaa bila chaki: chora kichwani, kata mara moja.

Mwanao

25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako nimewasomea wateja wote, hata aliyekuja kufupisha suruali tu na alikuwa na haraka zake. Endelea hivyo hivyo. Anayejua habahatishi, na wala hahitaji makaratasi mengi.

Mama yako

11 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa sina la kukuandikia.

Kwenye mtihani nimepata majibu matano sahihi kati ya sita, na alama sifuri. Mhadhiri aliniita ofisini akaniuliza majibu yametoka wapi. Nikasema kichwani. Akanitazama, akasema, "Sisemi umeiba. Nasema sioni ulikopita."

Tarehe 14 Januari nitasimama mbele ya kamati, nifanye swali moja ubaoni. Wakiona nilinakili, mwaka wangu wote unafutwa. Nimejaribu kujizoeza kuandika hatua zote, mama, mkono unakataa. Naona haya, kama mtu mzima anayehesabu kwa vidole. Wewe hukuwahi kuchora. Naogopa sana.

Mwanao

3 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu si neno, hali yako ndiyo inayoninyima raha. Barua imechelewa kufika, naomba hii isichelewe.

Chaki nilikuwa napiga. Kila nguo. Nachora upande wa ndani ukiwa shule, napitisha ukucha juu ya mstari, halafu nageuza kitambaa. Ukirudi unanikuta nakata mahali peupe, kumbe vidole vinafuata alama ya ukucha. Siku moja nikakusikia ukiwatambia wenzako: mama yangu hachori. Tangu baba yako aondoke hakuna aliyekuwa ameniita hodari. Nikaona tamu, nikanyamaza. Miaka kumi na miwili nimenyamaza.

Nguo niliyokata kwa kichwa peke yake ni moja tu, sare yako ya kwanza. Unakumbuka bega la kushoto lilivyopanda? Nikakwambia ndio mtindo.

Nenda ukachore, mwanangu. Jaza ubao wao wote.

Mama yako

16 Januari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika jana.

Juzi nilisimama mbele ya watu watano. Wakanipa chaki. Nikafikiri, nikaandika jibu, mstari mmoja, nikageuka. Halikuwa sahihi. Mzee mmoja wa kamati, mpole kweli, akauliza nimekosea wapi ili wanisaidie. Hakuna aliyeweza kujua, hata mimi, maana ubaoni hakukuwa na kitu cha kutazama. Wakaniuliza kwa nini siandiki hatua. Nikawaambia mama yangu hachori. Nilisema kwa fahari, mama, na machozi yananitoka.

Mwaka umefutwa. Wamenikubalia nianze upya Septemba, kutoka somo la kwanza.

Nimekukasirikia, sitaficha. Jana sikuweza hata kula. Leo asubuhi nimeikumbuka ile sare. Niliivaa miaka miwili nikiinamisha bega la kushoto ili ikae sawa, nisikuaibishe.

Nina ombi moja. Niandikie unavyokata sare ya mtoto wa miaka saba. Anza na mstari wa kwanza wa chaki, uniambie unapita wapi na kwa nini, hadi wa mwisho. Usiruke hata mmoja.

Mwanao