Mitalawanda ya Kupandia Mlima

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na macho? Mimi mzima, ila miguu inanung'unika. Barua uliyomwandikisha dada nimeisoma mara nyingi: tundu la sindano hulioni tena, na nisiporudi mwaka huu utamwachia jirani kibanda chako cha kushonea viatu. Nimechelewa kujibu, unisamehe.

Kazi yangu huku Marekani ni ileile ya ulinzi kwenye jumba la makumbusho mjini. Asubuhi nagombania basi hapa Langley Park, barabara imechimbuliwa yote kwa ajili ya reli, na nikifika nasimama kwa muda wa saa nane bila kuegemea ukuta. Siku hizi chumba ninacholinda kina mashairi ya kale ya Kichina, ya milima na mito. Anayewaelezea wageni ni Bi Denise, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, naye hukiongea kama anasoma hotuba. Nilimuuliza hawa watu walianzaje kuitungia milima mashairi. Sisi Lushoto tumezaliwa juu yake na tunaijua kwa kuni tu.

"Ndugu Athumani," akasema, "hapo kale watu waliogopa milima na kuifanyia matambiko. Kisha afisa mmoja aliondolewa mjini, akapelekwa mbali. Alikasirika sana. Aliiacha kazi ya ofisi, akawa anapanda milima na kuandika."

Tena afisa huyo alikuwa na mitalawanda, vile viatu vya mti, yenye meno ya kuchomoa chini ya soli, Baba. Akipanda anatoa ya mbele, akishuka anatoa ya nyuma. Nilicheka, nikajua wewe ungeikosoa papo hapo.

Mashairi yake, anasema Bi Denise, huenda hivi: anatembea, anatazama, anahuzunika, halafu mwishoni anajiambia ametulia. "Lakini kesho yake anapanda tena," akasema. "Mimi sisadiki kwamba alitulia."

Maneno hayo yamenikaa rohoni. Barua zangu zote nimezimalizia kwamba nimezoea. Sijazoea, Baba. Miaka tisa, na kila siku nikisimama pale natamani kuondoka. Dada anayekusomea asiuruke mstari huu.

Msalimie Mama, na shangazi wa kule bondeni, mwambie kikoi chake bado nakivaa.

Nina ombi. Nichongee mitalawanda ile, meno yachomoke. Mti hauhitaji sindano, na kipimo cha mguu wangu unakijua. Usiitume. Mlangoni kwako umeandika kuwa kiatu kisichochukuliwa kwa miezi mitatu kinauzwa. Ukiimaliza, anza kuhesabu.

Mteja wako na mwanao,
Athumani