Majibu Niliyomwandikia Dama

Majengo, Mombasa
Jumanne, 3 Juni

Kwako Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani, goti limekubali kukunjuka na chai iko mkononi. Mimi ni mzima, sina homa wala kikohozi, na joto la huku limetuhurumia kidogo tangu mvua zianze. Kuku hawajambo? Yule jogoo mkorofi bado mnaye, au mlimla Pasaka? Nawasalimia wote hapo Kaloleni, wakubwa kwa wadogo, hata wale ambao jina langu likitajwa hukunja uso.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Dama alirudi nyumbani kama mtu aliyefiwa, hasemi, hali, anafagia ua mara tatu kwa siku. Nilikujibu kwamba amechoka tu. Si kweli. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu wewe hukatiza, nami leo sitaki kukatizwa.

Darasa letu la Kijerumani liko Ndia Kuu, orofani, juu ya duka la vitambaa. Mwalimu wetu Jaffar alijifunza lugha hiyo kwa kuwatembeza Wajerumani Mji wa Kale tangu ujana wake. Watalii walipopungua akaanza kufundisha, kwa kuwa siku hizi vijana wengi wanataka kwenda kusomea uuguzi Ujerumani. Lakini chuo cha huko hakikuchukui hivi hivi. Ni lazima wakuhoji kwanza kwa lugha yao, mkitazamana kwenye kompyuta, nao ndio wanaoamua.

Mimi nilianza darasa hilo miaka miwili kabla ya Dama. Asubuhi nafua shuka za nyumba ya wageni, mchana napanda ngazi za Jaffar mikono ikinuka sabuni. Kijerumani kilinikataa, Mama. Maneno niliyoyashika jioni, asubuhi sinayo. Mwaka jana nikahojiwa, nikakataliwa, na nilipokupigia simu huku nalia uliniambia, kwani ulitarajia nini Naomi, kila mtu na fungu lake, lako wewe ni kufua. Pengine umesahau. Mimi sijasahau hata siku moja.

Kisha ukaniletea Dama. Ulimfikisha mwenyewe mpaka stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari, ukanishika mkono ukasema huyu ni mdogo wako, mfundishe yote unayoyajua. Nikampa nusu ya kitanda changu. Na kweli, ulizaa mtoto mwenye kichwa. Baada ya miezi minane tu alikuwa akitaniana na Jaffar kwa Kijerumani, na mimi niko pembeni nafunua daftari nitafute wanachekea nini. Jaffar akazoea kuniambia mbele ya watu, Naomi, muulize mdogo wako. Darasa zima linacheka, Dama hacheki. Anainamisha macho kwa kunionea huruma. Kicheko chao nilikivumilia, lakini ile huruma yake ilinichoma mpaka kwenye mfupa.

Tarehe yake ya kuhojiwa ikatoka, mwezi wa pili. Jaffar akasema lugha mtoto anayo, kilichobaki ni kumzoeza namna ya kujibu, na kazi hiyo akanipa mimi kwa sababu nilishawahi kukaa mbele ya wale watu. Dama alifurahi sana. Alisema afadhali dada yake kuliko mtu wa nje.

Basi kila jioni nilikaa kitini nikajifanya Mjerumani, yeye akaketi kwenye ndoo niliyoipindua. Nilimfundisha asiwakodolee macho. Nilimfundisha aanze kwa kuwajulia hali, wao na jamaa zao wote, kama inavyompasa mtoto aliyelelewa. Wakimuuliza kwa nini wamchague yeye, aseme yeye si kitu, wenzake wanaomshinda ni wengi, wakubwa ndio wenye kuamua. Wakimuuliza atafanya nini akiona daktari amekosea dawa, aseme daktari ni mkubwa wake na hawezi kumsahihisha mkubwa. Yote hayo nilimwandikia kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, akayahifadhi.

Siku moja aliniuliza kama si dhambi kunyamaza huku mgonjwa anapewa dawa isiyo yake. Nilimkaripia. Nilimwambia mjuaji hapendwi popote, na kama anajua kuliko mimi basi ajifundishe mwenyewe. Akaniomba radhi, tena akaniomba radhi kwa kupiga goti. Hakuuliza tena.

Hata Jaffar hakuona kosa. Alipomsikiliza mara ya mwisho alisema huyu mtoto ana adabu, Mungu ambariki aliyemlea. Ndivyo tulivyo watu wa Pwani, Mama. Mtoto akiinamisha macho tunasema ana haya, na anayetaja uzuri wake mwenyewe tunamwambia aache majisifu.

Siku yenyewe nilimsuka nywele, nikampigia pasi blauzi. Mimi nilikaa upande ambao kompyuta hainioni. Walikuwa wanawake wawili na mwanamume mmoja. Kijerumani chake kilitiririka mpaka mmoja wa wale mama akatabasamu. Ndipo wakafika kwenye swali la dawa. Dama alinitupia jicho, nami nikaitikia kwa kichwa. Akasema niliyomwandikia. Yule mama akalirudia swali taratibu, kwa huruma kabisa, je na kama mgonjwa anaweza kufa? Dama, macho chini, akajibu vile vile. Baada ya hapo hakuna aliyetabasamu.

Jibu la kumkataa lilikuja baada ya siku tatu. Alilia mpaka akatapika. Ni mimi niliyemsugua mgongo nikimwambia Mungu hakupenda. Alitaka kuwaandikia awaulize alikosea wapi, nikamwambia hayo si adabu, watu wazima hawadaiwi maelezo. Akanishukuru kwa kumkanya. Akaniomba msamaha kwa kunipotezea muda wangu, akafunga mizigo, akarudi kwako.

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka jana, mimi nilipokataliwa, niliwauliza sababu. Wakanijibu kwenye simu yangu, barua fupi ya heshima ambayo hata Jaffar hajaiona. Walisema Kijerumani changu ni dhaifu lakini kingefunzika. Walinikataa kwa kuwa sikuwatazama, nilijishusha kila nilipoulizwa habari zangu, na nilisema ningemtii daktari hata akikosea. Kwao muuguzi asiyethubutu kusema hapana ni hatari kwa mgonjwa. Niliisoma barua ile mpaka nikaihifadhi yote. Kisha nikayachukua yale yale yaliyoniangusha mimi, nikamwandikia mdogo wangu kwa mwandiko mzuri.

Usiseme nilipitiwa. Usiseme nilidanganywa na shetani, shetani hajui Kijerumani. Ni wivu, Mama, na roho mbaya, na vyote ni vyangu. Nilitaka aanguke na nikamwangusha.

Mwezi wa nne nilihojiwa mara ya pili. Nilimwomba Jaffar asimwambie mtu. Niliwatazama wale watu usoni bila kupepesa, nikasema mimi ni hodari wa kazi, mwaka mzima nainua mabeseni ya shuka zilizolowa. Swali la dawa lilipofika nikasema hapana, daktari, mgonjwa huyu hapewi dawa hiyo. Nilisema kwa Kijerumani changu kibovu, wakanielewa. Wamenichukua. Naondoka Alhamisi, na itakapokufikia barua hii nitakuwa nimeshafika.

Utataka kujua kama najuta. Zipo siku najuta. Zipo siku nakumbuka ulivyosema fungu langu ni kufua, na siku hizo chakula kinapita vizuri kooni.

Dama, sasa nasema nawe. Mama hajui kusoma, najua ni wewe umeishika karatasi hii. Ningeweza kumpelekea Mzee Barnabas wa kanisani, aliyekuwa akimsomea zamani. Sikutaka. Kukuambia usoni niliogopa, lakini nilitaka uyatamke kwa mdomo wako mwenyewe.

Nakujua sana. Hapo juu sauti yako ilikatika, na Mama anakuuliza mbona umenyamaza. Pengine tangu habari za darasani umekuwa ukimsomea mengine ya kutunga. Pengine umeshamwambia barua imekwisha, Naomi anasalimu, amepata chuo, tumshukuru Mungu. Ukifanya hivyo atapiga vigelegele na kuita majirani, nawe utakaa hapo hapo mkekani ukipokea baraka kwa niaba yangu. Sitakushukuru.

Chuo kinahoji tena mwezi wa tisa, na majibu mazuri sasa unayo. Lakini usitaje jina langu. Wakiniuliza kama namjua msichana mwingine wa Mombasa aitwaye Kavumbi, nitawatazama machoni niwaambie simjui.

Mama, nakuaga kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi. Nisalimie Mzee Barnabas na akina mama wa kanisani. Mungu akutunze na akupe siku nyingi. Mtu akikuuliza habari zangu, mpe zile ambazo Dama amekusomea.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Naomi Kavumbi