Herufi ya Hatari

Baba yangu,

Shikamoo. Ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia "malahaba" kabla sijalimaliza neno lenyewe, utadhani unaogopa mtu mwingine ataidaka. Leo nimeitamka peke yangu ofisini, mchana kweupe, mlango uko wazi, na karani aliyekuwa akipita akageuka kutazama namsalimu nani. Ataanza kusema mwalimu Kabula amechanganyikiwa. Na aseme.

Nakuandikia kutoka Shinyanga, katika chuo kile kile chenye bati jekundu karibu na boma, tulichofika kwa baiskeli moja kutoka Tinde, mimi nimekaa kwenye keria miguu imekufa ganzi. Sasa mimi ni mwalimu msaidizi hapa. Kesho wanakuja watu wapya kufanya mtihani wa kupangiwa darasa, na mimi ndiye nitakayewasomea imla. Kwa ajili hiyo nimetumwa leo kusafisha kabati la makaratasi ya zamani, na nilichokikuta humo ndicho kilichonikalisha kuandika. Nitafika huko. Wewe ndiye uliyenizoesha kusimulia kuanzia mwanzo.

Unakumbuka baba mkubwa alipokuja na habari za yule mtu wa Masumbwe aliyetaka kunioa? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Miaka miwili ya shule ya misheni ilikuwa imekwisha zamani, na wewe ulikuwa nyumbani likizo kutoka mgodi wa dhahabu kule Geita, unakohoa asubuhi mpaka kuku wanatawanyika.

"Ng'ombe wa watu wako tayari," baba mkubwa alisema. "Tunangoja nini?"

"Tunangoja mtihani," ukamjibu.

"Mtihani gani tena?"

"Mjini kuna chuo cha watu waliokosa shule. Wanakupima kwanza unajua nini, halafu wanakupangia darasa. Kabula akipangiwa la juu, atasoma. Akipangiwa la chini, nenda ukawalete hao ng'ombe."

"Na huko mjini atalindwa na nani?"

"Na mimi. Nami nakwenda kusoma."

Walicheka wote, hata mama. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akasome! Lakini jioni ile, pale zizini, uliniambia bila kucheka, "Kifua hiki, ng'wanone, mwanangu, hakitaki tena shimo." Mgodini anayejua kusoma na kuandika aliweza kupewa kazi ya stoo, juu, kwenye hewa. Darasa la tatu la chuo lilikuwa la miezi sita, na mwishoni unapata cheti. Darasa la kwanza lilikuwa miaka mitatu. Msimamizi wako alikuwa amekubali kukuvumilia miezi sita, bila kuzidi hata siku. Kwa hiyo mtihani ule kwangu ulikuwa kuolewa au kutoolewa, na kwako ulikuwa kutoka shimoni au kurudi. Niliyajua yote hayo, baba. Sitajifanya sikuyajua.

Na kusoma ulikuwa unajua, kwa namna yako. Herufi ulikuwa umeziokota kwenye masanduku ya baruti na kwenye ubao uliosimama mdomoni mwa shimo, ulioandikwa HATARI. Ulinichorea neno hilo kwa mkaa nyuma ya ungo wa mama hata kabla sijaenda misheni, na mama akakufokea kwa ajili ya ungo wake. "Unaiona hii yenye mguu uliotupwa mbele?" uliniambia. "Hii ndiyo helufi ya hatali." R. Kuichora uliijua vizuri kuliko mimi. Shida ilikuwa mahali pa kuiweka, maana katika Kisukuma chetu haipo, ulimi ukifika kwenye L unaridhika na kupumzika. Sikioni mwako "kula" na "kura" vilikuwa chakula kimoja. Mimi mwenyewe siisikii sana. Niliikariri neno kwa neno, kwa kufinywa masikio miaka miwili.

Ndiyo maana njia nzima kutoka Tinde ulikuwa unaniuliza huku unakanyaga pedeli, neno lipi lina R ya hatari na lipi lina L, ya salama.

"Mchele?"

"Ya salama."

"Barabara?"

"Ya hatari, zote mbili."

"Ahaa! Ndiyo maana baisikeli inaluka hapa."

Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipocheka nawe bila kitu rohoni.

Chumba cha mtihani kilikuwa na picha ya Malkia ukutani na madawati ya watoto. Magoti yako hayakuingia, ukakaa upande kama mtu aliyepanda punda. Ulikuwa umevaa koti la mgodini, lile lenye kiraka cha turubai mgongoni, na kwa heshima ya siku ile ulikuwa umepaka samli miguuni. Mimi nilikaa nyuma yako. Kando yangu alikaa msichana wa mjini, binti wa mwenye duka, viatu vyeupe, nywele zimesukwa vizuri. Aliniuliza jina langu. Akaniazima raba yake bila hata mimi kuiomba. Halafu akavuta pumzi puani, akasema polepole, "Nani amekuja na samli humu?" Nikainua mabega. Nikamwangalia kama mtu ambaye naye anashangaa.

Mwalimu aliyetusomea imla alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili kinamtoka bila kugusa meno. Akasoma: "Mkulima amerudi na habari njema."

Ukageuka.

"Kabula. Habali. Ya hatali au ya salama?"

Ulidhani unanong'ona. Watu wanaokaa karibu na baruti hawajui kunong'ona, masikio yamekwisha. Chumba kizima kilisikia. Msichana wa viatu vyeupe akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka. Mimi nikainamia karatasi. Ukadhani sijasikia, ukarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Ya hatali au ya salama?"

"Mzee, tazama mbele," mwalimu akasema. Hakuwa mkali. Kisha akanigeukia mimi. "Binti, huyu mzee ni nani yako?"

"Ni jirani yetu," nikasema.

Niliitamka R vizuri sana. Misheni wangejivunia.

Uligeuka mbele taratibu, nikabaki naangalia kile kiraka cha turubai. Hukuniuliza tena neno lolote. Tukafanya hesabu, tukafanya kusoma, na mwisho mwalimu akatuelekeza kwenye swali la chini kabisa la karatasi: Je, una ndugu katika chumba hiki? Kama yupo, ni nani wako? Akaeleza kwamba ni sharti la chuo. Ndugu wa nyumba moja hawapimwi pamoja, wasije wakaibiana majibu. Wakigundulika, mmoja anarudi nyumbani angoje mtihani wa mwaka unaofuata. Mimi niliandika "Hapana" na kupiga mstari chini yake.

Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba nilikukana kwa sababu ya sharti hilo. Nimewasimulia hata watu wawili watatu, wakaniambia nilikuwa na akili. Lakini sharti lilitangazwa baadaye, baba. Nilipolisema neno lile nilikuwa silijui. Nilikuonea aibu. Nilionea aibu samli, na koti, na sauti yako, mbele ya msichana ambaye leo hata jina lake silikumbuki. Hiyo ndiyo kweli, nimeiandika kwa mkono wangu.

Kurudi nyumbani ulikanyaga baiskeli bila kuuliza maneno. Nilingoja unigombeze. Tulipolivuka korongo ukasema tu, "Yule mwalimu Kiswahili chake kitamu." Na baada ya hapo kikohozi, mpaka Tinde.

Majibu yalipokuja, mimi nilikuwa darasa la tatu. Wewe ulikuwa la kwanza, pamoja na watoto wa a, e, i, o, u. Baba mkubwa akaenda Masumbwe kuwaambia watu wakae na ng'ombe wao. Wewe ukaikunja karatasi yako mara nne, ukaitia mfukoni mwa koti, ukasema, "Basi, mmoja wetu ameingia." Wiki iliyofuata ulirudi shimoni.

Kisha ukaanza ule utani. Likizo yako ya kwanza baada ya pale, nami nimetoka chuoni kuwasalimu, ukaniita mbele ya wote, "Jilani, niletee maji." Wadogo zangu wakafa kwa kicheko, wakadhani ni mzaha tu wa mzee. Mama akakuuliza jirani amekuwaje tena, ukasema, "Siku hizi anakaa mjini, si jilani huyo?" Tangu siku hiyo hukuniita Kabula tena. Jilani, chumvi. Jilani, nisomee hii balua. Siku unapanda lori kurudi Geita uliniambia, "Heli jilani wa kalibu kuliko ndugu wa mbali, ndivyo asemavyo katekista," ukacheka, ukakohoa, lori likaondoka.

Sisi Wasukuma tunajua utani, na tunajua pia kwamba utani ni mfuko, mtu anaweza kutia humo chochote. Nilikuwa nauangalia uso wako kila mara uliponiita hivyo. Sikuona hasira. Sikuona msamaha pia. Niliona mzee anayetaka maji.

Mwaka wa tatu walikuleta nyumbani moja kwa moja. Kifua kilikuwa kimekwisha, unatoa neno moja halafu unapumzika. Nilikuja na cheti changu cha ualimu nimekifunga kwenye kitambaa, nikakufunulia, ukakigusa kwa kidole pale palipokuwa na jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi: baba, siku ile ya mtihani. Nikakuinua kichwa, nikakunywesha maji, ukameza, ukanishukuru, "Wabeja, jilani."

Nami nikasema, "Haya, baba."

Haya! Ndilo neno nililolipata. Nikatoka kwenda kukutafutia maziwa kwa watu, na niliporudi mama alikuwa ameketi chini, amenyoosha miguu, na sikuhitaji kuuliza.

Sasa nimefika kwenye kabati.

Karatasi za zamani niliambiwa nizichome zote. Nilikuwa nazitoa mafungu mafungu bila kusoma, vumbi limenijaa puani, na katikati ya fungu moja nikaona R. Nisingeweza kuikosea, mguu umetupwa mbele, kubwa kuliko wenzake, R ya ubao wa mgodini. Ulikuwa umeandika: "Mkurima ameludi na habali njema." Herufi ya hatari umeiweka mahali pamoja tu, na hapo ndipo isipotakiwa. Ningekujibu ungeipata habari, na kurudi ungelikosa vilevile, na mengine kama ishirini. Nimehesabu. Jibu langu moja lisingekupandisha darasa la tatu. Nilidhani kulijua hilo kungenipunguzia kitu. Hakukupunguza.

Kisha nikatazama chini, kwenye swali la mwisho. Nilikuwa sijawahi kujiuliza wewe uliandika nini pale. Umeandika hivi, kwa mkono uliobonyeza mpaka karatasi imetoboka kidogo: "Sina ndugu humu. Yule binti ni jilani yangu."

Nimekaa nayo tangu saa nne. Ulisikia sharti, kama mimi. Ungeandika neno moja la kweli, ningeweza kurudishwa Tinde siku ile ile, na yule mtu wa Masumbwe alikuwa anangoja. Penseli ulikuwa nayo. Hasira ulikuwa na haki nayo. Ukalichukua neno lile lile nililokukana nalo ukanifunika nalo. Hivyo ndivyo ninavyotaka kusoma. Lakini saa nyingine naisoma tena na naona mzee aliyekatwa moyo, anayeandika tu alichoambiwa na mwanawe kwamba ndicho alicho. Naigeuza upande huu na huu. Hakuna wa kumwuliza.

Mwalimu aliyesahihisha alitumia penseli nyekundu. Katika jibu lile la mwisho aliona kosa moja. Alikata L ya "jilani" na juu yake akaandika R, nzuri, ya pwani. Kisha akaendelea na karatasi nyingine.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo adhuhuri kumwomba swali lile liondolewe. "Kabula," akaniambia, "sharti ni sharti, watu wanaibiana." Kwa hiyo kesho nitalisoma. Watakuja wachimbaji kutoka Geita na Maganzo na magoti yao, na watoto wao labda, na nitasimama mbele nisome "habari" kwa R ninayoikariri, na najua ni nani chumbani humo hataisikia.

Karatasi yako sijaichoma. Nimejaribu kuifuta ile R nyekundu kwa raba, ili neno libaki ulivyoliandika. Haifutiki. Karatasi imeanza kuchanika, nikaacha.

Nenda ukapumzishe kifua, baba. Maji nitakuja kuyamwaga mwenyewe pale kaburini, mvua za kwanza zikinyesha, na uniite utakavyo.

Mimi mwanao, wala si jirani,
Kabula