Mshale Uliruka

Lushoto, 9 Agosti 1971

Dada Dina,

Shikamoo. Huku baridi imekaza, ila watoto hawajambo na mapeasi yote yamenunuliwa Soni.

Shemeji yako Samsoni amefanikiwa. Ile fuwele aliyoiotesha shuleni kwake, nyembamba kama ukucha, jana aliiunganisha kwa nyaya na mita ya kupimia umeme, tukafunga dirisha kuzuia mwanga. Nilipolifungua, mwanga uliangukia pale waya unapogusa fuwele. Umeme ukazaliwa palepale, mshale wa mita ukaruka! Nikapiga vigelegele.

"Unashangilia nini?" akauliza. "Fungua dirisha kwanza."

Nilidhani ananitania. Jua lilikuwa limemjaa usoni.

"Baba Yudith, liko wazi."

Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu. "Tangu Pasaka naona ukungu tu. Leo sioni kitu."

Kesho tunashuka Mombo kutafuta basi la Moshi, kwa daktari wa macho. Mama asijue kwanza.

Unajua aliniomba nini baadaye? Nifunge dirisha, nifungue tena, nimsomee mita. Nilimsomea mpaka jua likahama, nikijikaza asinisikie nalia. Yeye alikuwa anatabasamu.

Mdogo wako,
Zipora