Somo la Kusamehe, Ulilosema Utalitimiza Jioni

Kwa Silvanus Ojiambo wa Mundika, aliyetutoka tarehe 19 Juni 1974

Mwaka umetimia, Baba Nabwire, tangu asubuhi ile ulipopanda baiskeli kwenda kuvusha watu mpakani Busia, na lori likakugonga kabla ya saa sita. Chai yako ulikuwa umekunywa nusu. Kikombe bado nakiona.

Hukukaa darasani hata siku moja, lakini shule ya binti yetu Nabwire uliijua kuliko sisi tuliosoma kidogo. Mvua ikiharibu njia, ulimbeba mwalimu Paulinus wa dini kwenye baiskeli mpaka mlangoni, watoto wasikose kipindi. Wazazi wakiitwa kukandika darasa, wewe ulikuwa wa kwanza kukanyaga udongo.

Na jioni, kabla ugali haujaguswa, ulimwita: "Mwalimu Nabwire, leo tumefunzwa nini?" Alichofunzwa yeye, sisi wakubwa tulikifanya siku hiyo hiyo. Ulisema mtoto akisikia neno la Mungu shuleni asilione nyumbani, atadhani ni la mtihani tu. Siku alipofunzwa tusiseme uongo, ulinigeukia: "Mama, mboga ya jana ilikuwa chumvi tupu. Nilikudanganya." Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Jumanne ile Nabwire alisema, "Tumefunzwa kusamehe jirani." Ng'ombe wa jirani yetu Oluka walikuwa wamemaliza wimbi letu shambani, na tangu hapo hamkusalimiana. Ukasema, "Waje kwanza hao ng'ombe waombe msamaha. Si wao ndio walishiba?" Mtoto hakucheka. Asubuhi, mguu mmoja uko kwenye pedeli, ukamwambia, "Haya, mwalimu. Jioni nikirudi napitia kwa Oluka."

Hukurudi. Siku ya kukuzika Oluka alisimama barabarani, hakuingia. Kwetu mtu mliyegombana naye haingii kwako wala hali chakula chako mpaka mpatane. Nabwire naye akaacha kutuambia masomo. Nikimwuliza, anasema, "Mama, la Baba bado." Hapo niliogopa. Niliona imani ya mtoto inazimika mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika rozari tu.

Wiki iliyopita nikamshika mkono, tukaenda. Nikamwambia Oluka, "Mume wangu alisema atapitia hapa jioni. Nimekuja mimi."

Mzee yule akakaa chini. "Mama Nabwire, mtoto wangu Atyang yuko darasa moja na huyu. Somo hilo aliniletea Jumanne hiyo hiyo. Nikamwambia, wacha Ojiambo aanze, yeye ndiye ana baiskeli." Akalia, mtu mzima, mbele ya watoto.

Tulikula kwake. Jioni hiyo nyumbani, nikiwa bado napakua, Nabwire akasema bila kuulizwa, "Mama, leo tumefunzwa hivi."

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Teresa. Binti yako Nabwire. Ndugu yako Okwara na jamaa wote wa Mundika. Na Oluka, jirani yako, aliyeomba mwenyewe jina lake liandikwe hapa pamoja na la ndugu zako.

Pumzika, Baba Nabwire. Somo lako limefanywa. Kila jioni, kabla mkono haujagusa ugali, tutakukumbuka.